Mama Mujinga Anaita Mutoto Yake

Siku ya kwanza nilitaka kumupiga na ufagio. Ninasema bila haya, ju yeye mwenyewe alieleza ile habari mu cité yote, ile mutaa yetu, na kila mara anaieleza ufagio yangu ilikuwa inazidi kuwa murefu.

Ilikuwa Élisabethville, wakati ya vita ya bazungu. Tulikuwa tunakaa mu Cité Albert, pale leo banaita Kamalondo. Bwana yangu Donat alikuwa muntu wa reli. Siye ni bantu ba Kongolo, bakristo tangu baba zetu, na mu lupango yetu, nyumba na uwanja yake, hakuna muntu alikuwa anapita bila kubisha hodi. Ku lupango ya pembeni kulikuwa kumefika bantu ba Kasai, bwana na bibi, na mizigo yabo, na kuku mu kitunga. Sikukuwa bado nimebasalimia. Nilikuwa nafagia inje, nikasikia sauti ya mwanamuke juu ya uzio:

"Mujinga! We Mujinga! Kuya hapa mbio!"

Nikatazama nyuma yangu. Hakuna muntu. Nikatazama pembeni. Hakuna muntu. Mimi peke yangu na ufagio. Mayo! Mwanamuke mugeni, hajaniambia ata yambo, ananiita mujinga mu lupango yangu mwenyewe?

"Mujinga ni weye!" nikamujibu. "Weye na bote benye kukuzaa!" Na nikaruka uzio, mimi mwanamuke wa heshima, na ufagio juu.

Alinitazama tu. Hakurudi nyuma ata kidogo. "Mama," anasema, "ninaita mutoto yangu."

Na kweli, nyuma ya jikoni yangu kukatoka kasichana kadogo, tumbo inje, na kilazi yangu ya kuchemusha mu mukono, anatafuna.

"Njo huyu Mujinga?" nikauliza.

"Njo huyu."

"Na weye banakuita nani?"

"Mama Mujinga."

Ee Mungu wangu! Muntu anajitaja mama mujinga na kinywa yake mwenyewe, kichwa juu, sawa bibi ya chifu! Nilicheka mpaka nikaikala chini mu mavumbi. Yeye akaningojea. Wakati nilinyamaza akaniuliza: "Umeshiba?" Halafu akanipa mukono, akaniinua, na tangu siku ile mpaka kifo yake hatukuachana.

Njo pale alinieleza. Ku luga yabo ya Kasai, kujinga ni kuzungusha kamba. Mutoto mwenye anazaliwa na kamba ya kitovu inamuzunguka ku shingo, jina yake ni Mujinga, na hakuna kutafuta ingine. Si tusi. Ni jina ya heshima, mutoto anakuya nayo tangu tumboni.

"Huyu alitoka na kamba ku shingo," alisema. "Hakulia. Hakupumua. Mama-mukwe alikuwa anatosha ile kamba, anaiondoa na kidole, polepole, na alikuwa anamuita: Mujinga, kuya. Mujinga, kuya. Mimi vilevile nikaanza kumuita. Njo akalia. Nilikuwa nimezika babili mbele yake, Mama Anaclet. Sasa unataka nimuite Rose?"

Mimi niko Mama Anaclet, ju ya mutoto yangu wa kwanza. Siye tulikuwa tunaitana vile, jina ya mutoto njo inakuwa jina ya mama. Kwa hiyo bantu bote ba Cité Albert, bakubwa kwa badogo, balikuwa banasalimia huyu mwanamuke kila asubuhi: yambo, Mama Mujinga. Na benye hawakujua mambo ya Kasai balikuwa banazuia kicheko na mukono.

Hakusumbuka. Alikuwa mufupi, munene, na sauti yake ilikuwa inatoka ku uzio yetu inafika ku soko. Alikuwa anauza unga, anapepeta tangu jua inatoka, na kila wakati kidogo anainua kichwa: "Mujingaaa!" Na mutoto anajibu kule kwenye iko anacheza: "Mamu!" Basi. Anarudia unga yake.

"Unamuitia nini?" nikamuuliza siku moja. "Hana kazi, hana kosa, unamuita bule."

"Ninasikia kama iko," alisema. "Mama Anaclet, huyu mutoto ninamupenda mpaka tumbo inaniuma. Kama anajibu, inaacha."

Ku soko vilevile alikuwa anamuita. Anaita "Mujinga!" na banaume batatu banageuka. "Sikuita nyinyi," anabaambia, "lakini kama munajijua, kuyeni munibebee kitunga." Soko yote inacheka, na mara moja kweli mumoja akabeba kitunga. Bwana yake, Casimir, fundi wa mbao, alikuwa muntu wa kunyamaza. Ku kazi balikuwa banamuita Baba Mujinga, anainua kofia, anaendelea na randa yake. Mimi na Donat tulikuwa tunasema: bale bantu ba Kasai, hawana haya. Tulikuwa tunasema na wivu kidogo.

Mutoto akakomaa kidogo, mama akasema ataenda ku masomo. Wakati ule si kila muntu alikuwa anatuma musichana ku masomo. Donat akamutania ku uzio: "Asome nini, Mama Mujinga? Kusonga bukari kwa Kifaransa?"

"Eee," akajibu, "na utakuya kuomba sahani, na atakuambia non."

Akamupeleka mwenyewe, amemufulia robo, nguo yake ya masomo, amemusuka nywele mpaka macho ya mutoto inavutika. Masœur, mutawa wa kizungu wa darasa ya kwanza, alikuwa mwema sana, lakini alikuwa ametoka Ulaya juzi, na Kiswahili yake alijifunza mu kitabu, ile ya bantu ba pwani. Akainama mbele ya mutoto.

"Jina lako nani, mtoto wangu?"

"Mimi Mujinga."

"Hapana, hapana. Usiseme hivyo. Mbele ya Mungu hakuna mtoto mjinga."

"Ndiyo, masœur. Lakini mimi Mujinga."

"Nani amekuambia maneno hayo mabaya?"

"Mama."

Masœur akashika kifua yake. "Maskini! Na mama yako anaitwa nani?"

"Mama Mujinga."

Darasa yote ikapasuka. Ile siku mutoto mwenyewe alirudi nyumbani anacheka, akatuigizia masœur na mikono ku kifua, na mama yake akaanguka juu ya gunia ya unga kwa kucheka. Kesho yake alienda kumueleza masœur mambo ya kamba na shingo. Masœur akakuwa mwekundu mpaka masikio, akaomba samahani, na tangu pale alimuita Hortense, jina ya batizo. Mambo ilikuwa imeisha, kwa bakubwa.

Lakini batoto! Batoto banasahau kuosha miguu, hawasahau kintu cha kuchekelea. Mu njia: Mujinga anapita! Ku bomba ya mayi: Mujinga, songa! Na ju alikuwa wa kwanza mu darasa, ikakuwa mbaya zaidi, ju banasema: siye tuko nyuma ya Mujinga, basi siye tuko nini? Na bote banacheka tena. Mwaka ya kwanza alicheka nabo. Mwaka ya pili alipigana nabo, na alikuwa anapiga muzuri, muulize Anaclet yangu na sikio yake. Kisha akaacha kucheka na akaacha kupigana. Alikuwa anapita tu, macho chini, sawa muntu mwenye anatafuta sindano.

Siku moja akaingia, akatia kibao yake ya kuandikia juu ya meza. Nilikuwa pale, nilikuya kununua unga.

"Mamu, sirudi tena ku masomo."

"Nani alikupiga?"

"Hakuna. Banasema tu jina yangu. Kutosha." Akasukuma kibao mbali na yeye. "Kama unataka nisome, niite Hortense. Mu nyumba, mu njia, ku soko, pahali yote. Ju weye njo unabafundisha! Weye njo unaita kwa makelele! Kama unaita ile ingine sitaitika. Nitabaki hapa, nitapepeta unga sawa weye."

Mimi ningemupiga kofi, ninasema kweli. Mama yake hakumugusa. Akamungojea atoke, halafu akainua kichwa, akamuita sawa kila siku: "Mujinga!"

Kimya.

"Mujinga wee!"

Nilikuwa namuona ku dirisha, ameikala nyuma ya nyumba, anasikia muzuri sana, mudomo amefunga. Hakuitika. Mama yake akashika tumbo yake na mikono yote mbili.

Casimir alirudi ku kazi akakasirika, yeye mwenye hakukasirika ata siku moja. Alisema jina ya bankambo, bale babu zabo, haivuliwi, na mutoto abaki nyumbani kama ni vile. Nilisikia bibi yake anamuambia: "Nyamaza, Casimir. Atasoma." Kesho yake akakuya ku uzio yangu, bila salamu.

"Mama Anaclet, tangu leo mimi ni Mama Otasi."

"Mama nani?"

"Otasi."

"Hortense?"

"Njo vile nasema. Otasi."

Tukajaribu. Hor-tense, Otasi. Hor-tense, Otasi. Ile jina ilikataa kabisa ku ulimi yake. Siku ingine ningelala chini kwa kucheka, lakini niliona uso yake, nikamwambia kama akubali fimbo yangu, mutoto ataitika jina yake mbele ya chakula ya mangaribi.

"Hapana," alisema. "Sikiliza. Siku alizaliwa, kamba ilikuwa ku shingo, mama-mukwe aliitosha na kidole. Sasa kama jina yenyewe imekuwa kamba, ni nani atatosha? Ni mimi. Nitakaza nini? Nimunyonge?"

Nikarudisha ile fimbo nyuma ya mulango.

Basi. Mutoto akarudi ku masomo. Na mama akanyamaza. Ile sauti yenye ilikuwa inatusumbua asubuhi mpaka jioni, ikakufa. Kupiga makelele "Otasi" aliona haya, alijua inatoka mubaya. Kwa hiyo akaanza kutembea. Kama anataka mutoto, anaweka kitunga ya kupepetea chini, anafunga kikwembe muzuri ku kiuno, anaenda mwenyewe mpaka ku bomba, mpaka ku kanisa, mpaka kwenye basichana banaruka kamba, na anamugusa ku bega. Mu jua, mu mvula, na miguu yake yenye kuvimba. Bakimusalimia kwa mazoea "Mama Mujinga", anasema, "Hapana, Mama Otasi," na bale benye balikuwa banacheka mara moja, sasa banacheka mara mbili. Musichana aliona ao hakuona? Mimi nasema aliona. Lakini muntu wa miaka ile anajiona yeye mwenyewe kwanza, na nafasi ya bengine inabaki kidogo.

Ninasema ile ya haki vilevile: alisoma. Alikuwa murefu kupita baba yake, akajua Kifaransa, akajua kushona robo zenye zinakaa muzuri ku mwili. Jioni anasoma kitabu ku mulango, na mama yake anaikala pembeni yake, anatazama ile kurasa, hajui ata herufi moja, na anafurahi sawa muntu mwenye anakula nyama. "Anasoma," ananiambia ku uzio, sauti chini, asimusumbue. "Mama Anaclet, tazama, anasoma!" Ile miaka yote sikumusikia anajuta.

Tukafika ku mwezi wa nane mumoja, siku kuu ya Maria kupanda mbinguni. Hortense alikuwa amechaguliwa kushika utepe ya sanamu ya Mama Maria mu maandamano, mbele kabisa, na basichana bakubwa. Masœur alikuwa amesema wazi: mwenye hana kitambaa nyeupe ku kichwa, anatoka mu mustari. Na asubuhi ile, kwa mbio na furaha, kitambaa yake ikabaki nyumbani, juu ya meza ya pasi.

Mama yake aliiona, akaifunga mu kitambaa ingine safi, akaniita, tukaenda mbio. Wakati tulifika, kengele ilikuwa inalia na muji yote ilikuwa pale. Bantu pembeni ya njia, padri na batumikizi, na basichana! Basichana bote na robo nyeupe, soksi nyeupe, vitambaa nyeupe, mustari murefu mpaka ku kona. Ungetambua nani? Mama akaanza kutembea pembeni ya mustari, anatazama uso moja, anatazama ingine, anasukumwa. Mavumbi ilikuwa mingi. Mbele kule banabeba sanamu tayari. Hakukuwa tena na wakati ya kutembea. Ilikuwa lazima aite.

"Otasi!" aliita, na sauti ndogo.

Basichana bakageuka. "Otasi njo nini?" mumoja akauliza. "Ni dawa?"

"Otasi!"

"Otasi! Otasi!" Huyu alikuwa Laurentine, mutoto wa mwalimu, na kiuno amekunja sawa mwanamuke munene, anaigiza namna mama anatembea. Mustari yote ikacheka. Kulikuwa na ba Hortense bengine mule, ata bo balicheka, hawakujua kama ile ni jina yabo. Na mama akaendelea, kichwa juu, kitambaa mu mukono, jasho ku uso: "Otasi! Otasi!" Mimi nilikuwa nimeshika mukono yangu ya kuume na ile ya kushoto, ju nilijua kama ninaiachilia itaenda moja kwa moja ku uso ya mutoto wa mwalimu.

Hortense akatoka mu mustari. Hakuwa mbali, alikuwa karibu tu, nyuma ya Laurentine. Alikuwa amesikia yote. Alitazama Laurentine, na yule akanyoosha kiuno mbio. Kisha akatazama mama yake, na niliona anamutazama muzuri, miguu, jasho, kitambaa yenye kufungwa mu kitambaa.

"Mamu," anasema, "unaita nani?"

"Weye. Chukua, banaanza."

"Weye nani?"

"Otasi."

"Simujui huyo. Niite."

"Si ninakuita?"

"Niite sawa unanijua."

Mama akatazama bantu, akatazama padri, akatazama basichana. Akasema polepole, na njo mara moja tu nilimusikia anaogopa mu maisha yake: "Hapa? Batakucheka."

"Bacheke."

Mutoto alikuwa mbele yake, karibu ya kumushika pua. Lakini Mama Mujinga akanipa mimi kitambaa. Akafunga kikwembe yake upya. Akavuta pumuzi, na akaita na kifua yote, sawa mutoto iko ku mwisho wa muji:

"Mujingaaaa!"

Padri aligeuka. Babebaji ba sanamu bakasimama. Benye kucheka balicheka, siwezi kusema hapana. Na musichana, machozi inamutoka, mbele ya mustari yote, akajibu na sauti ya mama yake kabisa:

"Mamu! Niko!"

Nikamufunga kitambaa ku kichwa mimi mwenyewe, ju mama yake alikuwa anamupangusa machozi. Masœur akapiga makofi, kila muntu ku pahali yake, wimbo ikaanza, na musichana akaenda mbio kushika utepe yake. Tulidhani imeisha. Lakini wakati maandamano ilikuwa imefika mbali, ku kona, na sisi hatumuoni tena mu ile weupe yote, Mama Mujinga akaweka mikono ku mudomo na akaita mara ingine, bule, bila kazi yoyote, halafu akashika tumbo yake, anangojea. Nikamuvuta kikwembe: nyamaza, banaimbia Mama Maria! Na kule mbali, katikati ya wimbo, tukasikia:

"Mamu!"

Akaachilia tumbo yake. Na mimi, mwenye silii mbele ya bantu, nililia pale mu njia na bote bananiona.